Kupiga Gitaa, Kupiga Picha

Jumamosi moja kijana jirani yangu hapa Makole, Dodoma, alikuja na bahasha ngumu kwapani. Alinipa shikamoo, akaomba maji ya kunawa, akajifuta mikono mpaka vidole vikakauka, ndipo akaifungua. Ndani mlikuwa na picha moja tu, nyeusi na nyeupe, upana wake kama sinia la pilau. Mzee ameketi kwenye ukingo wa jukwaa, gitaa la umeme mapajani. Mkanda wa gitaa uliwahi kukatika, ukaungwa kwa kipande cha waya. Kule kichwani, panapofungiwa nyuzi, ncha hazikukatwa. Zimesimama kama sharubu za paka. Kidole gumba cha kushoto kimepanda juu ya shingo ya gitaa, na ukucha wake umepasuka katikati.

Mzee huyo alipiga gitaa katika bendi za dansi tangu ujana wake. Kijana huwafuata wazee wa aina hiyo kwenye kumbi na majumbani mwao, huwapiga picha, huzitoa kwenye karatasi nzito ya pamba, kisha huziuza kwa watu wanaojua wanachonunua. Hakuja kwangu kuonyesha picha. Alikuja kwa ajili ya kibandiko cha nyuma yake. Alikuwa ameandika: "Nakala ya picha ya mwanamuziki wa zilipendwa", akaongeza maneno mawili ya Kiingereza ya kueleza kwamba zimetolewa chache, kisha "7/25". Mnunuzi mmoja akakisoma, akauliza, "Nakala tu, kwa laki na nusu?" Akaenda zake.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "bei haikumkimbiza. Kilichomkimbiza ni lile neno."

Alisema kweli. Tangu siku ile nimekuwa nikiyageuza maneno ya kazi yake moja moja, na nayaleta kwako, msomaji, kwa kuwa ulinzi wa lugha hii ni zamu yetu sote.

Kitenzi kwanza, maana hapo Kiswahili kilishamaliza kazi kabla yetu. Mzee wa kwenye picha ni mpiga gitaa. Kijana ni mpiga picha. Anayeihamishia kwenye karatasi anapiga chapa. Anayeiuza kwa sauti mbele ya umati anapiga mnada, na vijana wa mjini wakiuza kitu husema wamekipiga bei. Mwanamuziki akiwa jukwaani anapiga shoo. Akiiona kamera, anapiga pozi. Kitenzi kimoja kimeibeba biashara nzima, kutoka uzi wa gitaa hadi noti mkononi. Waingereza wao husema gitaa linachezwa na picha inachukuliwa, kana kwamba shughuli hizo mbili hazijuani. Sisi tuliziona zina undugu: mkono unashuka, kitu kinaitika. Ndivyo tunavyopiga hodi, tunavyopiga simu, tunavyopiga mbiu. Najua pia tunapiga pasi na kupiga deki, wala sakafu haiitiki. Hata hivyo anayesimama mbele ya jukwaa usiku, akasubiri mkono wa mpiga gitaa ushuke ili na wa kwake ushuke papo hapo, anaelewa kwa nini lugha iliwapa watu hawa wawili neno moja.

Kwa hiyo inaniuma kusikia "kuchukua picha". Imeingia kwa mlango wa tafsiri na sasa inazoeleka. Kwetu kuchukua picha ni kwenda studio na risiti yako, ukapewa bahasha, ukarudi nayo nyumbani. Mwizi naye huchukua picha. Anayeziumba huzipiga.

Na iandikwe neno moja au mawili? Ofisi inayochapa Gazeti la Serikali huongozwa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na hapo maneno yameungana yakawa cheo. Mimi hufuata njia hiyo: mpigapicha ni mtu wa kazi hiyo, anayelipia pango kwa kamera yake, mpiga picha ni yeyote aliyeshika simu kwenye harusi ya binamu.

"Picha" yenyewe ilitoka Kiingereza ikavaa kanzu ya Kiswahili hata hakuna anayeiuliza kwao wapi. Taabu yake ni ukarimu. Mchoro wa mtoto ni picha, filamu ya sinema ni picha, kilichomo ndani ya simu ni picha, bango la mgombea ni picha. Kabla haijatawala, kamusi za zamani ziliitumia "sanamu" hata kwa picha bapa, neno la Kiarabu lililobeba harufu ya masanamu yanayoabudiwa. Leo sanamu tumeiachia jiwe, mbao na shaba. "Taswira" imepanda daraja, imekuwa ya washairi na wahakiki: tunaiona akilini zaidi kuliko ukutani. Nami nina mapenzi na "sura". Kiarabu kina maneno mawili, moja kwa herufi ya swadi, la umbo na wajihi, jingine kwa sini, la mlango wa Kurani; yalipofika pwani yetu yakavaa matamshi mamoja. Sura ya mtu na sura ya kitabu zikawa jirani. Picha nzuri ya mwanamuziki mzee inatoka katika ujirani huo: ni uso, na ni mlango wa kitabu kisichoandikwa.

"Kamera" nayo ni Kilatini cha chumba, na chumba chenyewe kilikuwa cha giza. Kwa hiyo mafundi wetu waliposema "chumba cha giza" kwa mahali pa kutolea picha, walilirudisha neno la kigeni kwenye asili yake bila kuambiwa na mtu.

Sasa jina la muziki. Kijana anaupenda muziki wa magitaa ya umeme, na aliniuliza kama kibandiko kiseme "muziki wa mwamba". Hapana. Hapo ndipo tafsiri ya neno kwa neno huvunja mguu. Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kwa herufi: moja ni jiwe, jingine ni kuyumba, kubembeleza kama mama anavyomyumbisha mtoto mgongoni. Muziki ule ulipata jina kwa huko kuyumba. Ukiuita wa mwamba, umetafsiri jiwe badala ya kiuno. Tuuite roki, tuuache na jina lake kama tulivyofanya kwa jazi na dansi. Historia yake nasi tunayo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi iliyochanganya gitaa la roki na midundo ya kwetu, ikaacha albamu ya Ave Africa, mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ikaikusanya upya kazi yao kwa kizazi ambacho hakikuwaona jukwaani.

Na bado jiwe lina haki yake, ila kwa mlango mwingine. Marijani Rajabu wa Dar International, aliyefariki mwaka 1995, watu walimwita Jabali la Muziki. Jabali ni la Kiarabu, na huko ni mlima. Kwetu limekuwa jiwe kubwa lisilohamishika, kama haya yaliyouzunguka mji wa Dodoma, ambayo ukiyatazama jioni kutoka Makole yanakuwa na rangi ya mkaa unaofifia. Hakuna aliyekaa mezani kulitafsiri neno la Kiingereza. Mashabiki walitafuta sifa, wakapata jiwe. Vijana leo wakimsifu mtu husema "mwamba huyu". Kwa hiyo roki ni jina la muziki, jabali na mwamba ni majina ya mtu, na asiyachanganye mtu.

Huku kwetu uwanda wa kati hatujapungukiwa majabali. Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946, aliiongoza Afro 70, akaupa muziki wake mtindo ulioitwa Afrosa, akafika Lagos kwenye tamasha la FESTAC la 1977, akarekodi na bendi ya Archimedes ya Sweden. Hukwe Zawose wa kijiji cha Doda alizipeleka zeze na ilimba hadi studio za Real World kule Uingereza. Balisidya alifariki mwaka 2004, Zawose mwishoni mwa 2003. Kijana wangu alikuwa bado mtoto, na hilo humkera kila anapolitaja: kamera yake ilichelewa. Ndiyo maana ana haraka na hawa waliobaki.

Hawa waliobaki tuwaiteje? "Wa zamani" ni kama kusema wamekwisha. "Zilipendwa" ni neno tamu, limelelewa na redio, na ni sentensi nzima ndani ya neno moja: ngeli ya nyimbo, wakati, kitenzi na kauli ya kutendwa. Lakini sikiliza ile "-li-" iliyokaa katikati. Zilipendwa, basi sasa hazipendwi? Rafiki yangu mmoja alitaka turekebishe, tuseme "zingalipendwa", akidhani anasema bado zinapendwa. Sarufi ikamgeuka: zingalipendwa ni zile ambazo zingependwa laiti jambo fulani lingetokea, nazo hazikupendwa. Alichokitaka ni "zingali zinapendwa", maneno mawili yenye nafasi kati yake, na nafasi hiyo ndiyo imebeba maana yote. Mimi naiachia redio zilipendwa yake. Imeizaa yenyewe na inaitunza. Kwa mtu wa kwenye picha nachagua "mkongwe". Hapo pia tuangalie kiambishi. Kikongwe ni ajuza aliyeinama na mkongojo wake. Mkongwe ni aliyedumu. Unguja wanao Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na sijawahi kusikia mtu akidhani jina hilo linaubeza.

Wapo wanaopenda nguli, gwiji, galacha. Ni maneno ya waandishi wa michezo, mazuri, yana vumbi la uwanja. Nguli anaweza kuwa na miaka ishirini na mitano. Mkongwe hawezi.

Studio iliyo karibu nami, nilipita kuulizia karatasi, nikamkuta binti wa sekondari amenyoosha simu yake juu ya kaunta. "Kaka, naomba unisafishie hizi nne, za pasipoti." Kusafisha! Hakuna maji mle, hakuna dawa, hakuna bakuli. Kuna mashine inayonguruma na karatasi inayotoka kavu. Binti hajawahi kuuona mkanda wa filamu, lakini ulimi wake umerithi kitenzi cha mafundi waliokaa gizani chini ya taa nyekundu, wakitumbukiza karatasi nyeupe kwenye dawa, wakaisuuza, wakaianika kwa vibanio kama nguo. Wazee hapa husimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na neno la Kigogo, idodomya, tembo alipokuja kunywa maji akazama kwenye tope. Kwenye bakuli la fundi mambo yalikwenda kinyume: karatasi ilizamishwa tupu, uso ukaibuka.

Kuna wanaotaka tuliache kusafisha, tuseme "kuchakata picha". Mkonge unachakatwa. Samaki wanachakatwa, ndani ya kiwanda, kwa visu. Sura ya mkongwe aliyepiga gitaa miaka hamsini inastahili kitenzi chenye maji safi ndani yake. Kusafisha pia kunasema jambo la kweli ambalo kuchakata hakulijui: kwamba sura ilikuwamo tayari, na kazi ya fundi ni kuiondolea kilichoifunika.

Nimefika kwenye "nakala", neno lililomkimbiza mnunuzi. Kwa Kiarabu ni kuhamisha, kubeba kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Kwa kitabu ni neno la heshima: nakala 500 za riwaya, zote ni riwaya ileile, wala hakuna msomaji anayelalamika kwamba kapewa ya mia nne. Lakini tangu ofisi za Serikali zihamie huku kwa wingi kuanzia 2016, steshenari zimeota Makole kama uyoga, na kazi yao kubwa ni "nakala kivuli", ile ya cheti inayoambatishwa kwenye barua ya maombi ya kazi. Kivuli cha kitu, na kitu chenyewe kiko nyumbani. Hayo ndiyo yaliyompitia mnunuzi kichwani alipoisoma "nakala": kwamba halisi iko kwingine, na yeye anauziwa kivuli chake.

Kumbe hakuna halisi nyingine. Kilicho ndani ya kamera hakitundikwi ukutani. Karatasi ile ya pamba, weusi wake ulivyokolea kwenye koti la mzee, weupe ulivyoachwa kwenye ule ukucha uliopasuka, ndiyo kazi yenyewe imekamilika. Hiyo inataka jina, nami nasema jina tunalo: chapa.

Chapa limekuja na majahazi, na wanakamusi hulielekeza kwenye Kihindi, penye maana ya kupiga alama. Lilipofika likamkuta ndugu yake wa kusikika, kuchapa kwa fimbo, wakazoeana. Wafugaji wa huku wanalijua kwa moto: ng'ombe hupigwa chapa pajani, na akipotea nyandani, chapa ndiyo itakayomrudisha kwa mwenyewe. Wafanyabiashara wanalijua kama alama ya bidhaa. Wachapaji wanalijua kwa wino. Maana zote tatu zinakutana kwenye karatasi ya kijana huyu: imegandamizwa, ina alama ya aliyeifanya, na ina mwenyewe. Kijana alisita kwanza. "Watu hawatadhani ni chapa ya sabuni?" Nikamwambia watadhani hivyo wiki ya kwanza. Neno hujifunza kazi mpya kwa kupewa kazi. Akaandika "chapa", akalitazama, akasema linakaa vizuri mdomoni.

Inayobaki ndani ya kamera, au kwenye kile kipande cha filamu ambamo weusi ni weupe, tuiiteje? "Negativu" inatamkika, sina ugomvi nayo. "Hasi" ni ya darasa la hesabu na la betri. Kuiita sura ya mtu hasi ni kumtukana. Tunayo desturi ya kuita "mama" kile ambacho vingine hutoka kwake: katiba ni sheria mama. Basi na iwe "picha mama". Uzuri wake ni kwamba inafaa kwa filamu na inafaa kwa faili la kidijiti, na teknolojia ikibadilika tena haitahitaji kubatizwa upya. Pale Unguja, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imekuwa ikiwauzia watu sura za Unguja ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mama wamezeeka sandukuni, watoto bado wanazaliwa.

Ukishakuwa na mama, mambo mengine hujipanga. Kijana alitaka Kiswahili cha yale maneno mawili ya Kiingereza yanayosema kwamba zimetolewa ishirini na tano, na ya ishirini na sita haitakuwapo. Kwanza tulijaribu "toleo lenye ukomo". Toleo ni neno jema, limetoka kwenye kutoa. Lakini ukomo katika mji huu umeshikwa na maofisa wa mipango. Ukilitamka Makole, mtu anakumbuka ukomo wa bajeti. "Toleo finyu" linabana kifua. Halafu nikakumbuka tunavyosema kila siku: "Waliokuja msibani walikuwa wa kuhesabika." Kwa Kiswahili, kinachohesabika ni kichache. Hatuhitaji kuongeza neno la uchache. Hesabu yenyewe inatosha. "Toleo la kuhesabika." Nalipenda kwa sababu mbili, kwamba ni chache na kwamba zimehesabiwa kweli, moja moja, kwa penseli, pembeni chini kushoto.

Na ile 7/25? Kijana aliisoma kama sehemu ya hesabu, saba juu ya ishirini na tano. Isomwe kama uzao: ya saba katika ishirini na tano. Hapo lugha inatufungulia ghala jingine. Ya kwanza ni kifunguamimba, ya mwisho ni kitindamimba. Wapo wakusanyaji wanaozipigania hizo mbili kuliko zilizo katikati, na sidhani kama ipo lugha yenye maneno ya joto kama haya kwa ajili yake. "Ninayo kitindamimba ya picha ile." Sema kwa sauti, usikie.

Kwa kuwa sasa tunazungumza uzao, ile orodha ya mikono ambayo chapa imepitia, nani aliinunua kwa nani, lini, wapi, haina haja ya kuitwa "historia ya umiliki", maneno yanayonuka ofisi ya ardhi. Ni nasaba yake. Chapa yenye nasaba inajulikana kwao. Isiyo na nasaba, muulize muuzaji maswali.

"Saini" au "sahihi"? Saini ni ya Kiingereza, fupi, iko kila mahali, kuanzia benki hadi usajili wa wachezaji. Sahihi ni ya Kiarabu, na inafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja: ni jina uliloandika kwa mkono wako, na ni usahihi wa jambo lenyewe. Wanazuoni huita hadithi sahihi ile ambayo mnyororo wa wapokezi wake umethibiti. Mpigapicha akitia sahihi chini ya chapa anasema mambo mawili kwa kalamu moja: hili ni jina langu, na hii ni ya kweli. Kijana alikuwa na karatasi ya pembeni iliyoandikwa "Hati ya Uhalisi", yenye nembo na mstari wa dhahabu. Nilimshauri aiweke kando. Chapa yenye sahihi haihitaji mdhamini.

Nikakwama kwenye swali ambalo nilidhani ni jepesi: mwenye picha ni nani? Chukua mfano unaojulikana na wengi. Mwaka 1974 Mick Rock, mpigapicha Mwingereza, aliwapiga picha wanamuziki wa bendi ya Queen kwa ajili ya jalada la albamu yao ya pili: nyuso nne zimechomoza gizani, Freddie Mercury kakunja mikono kifuani. Mercury ndiye Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja, 1946. Ukisema "picha ya Mercury" umesema kweli. Ukisema "picha ya Mick Rock" umesema kweli. Na aliyenunua chapa yake yenye sahihi, akaitundika sebuleni, akisema "picha yangu", naye hajadanganya. Kiunganifu chetu "-a" kina moyo mkubwa, kinawapokea wote watatu kwa kiti kimoja. Katika mapenzi huo ni uzuri. Katika mkataba ni ugomvi.

Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki tumeizoea. Hakishiriki, ndugu yake asiyeitwa mara nyingi, nadhani ni moja ya istilahi zilizofumwa vizuri kuliko zote katika vitabu vyetu vya sheria: haki ya wale walioshiriki kuifanya kazi iwe kazi, waimbaji, wapigaji, warekodi. Neno linamtambua mtu kwa kushiriki kwake. Kwa roho hiyohiyo napendekeza tuwatenganishe watu watatu wa picha: mpigapicha, aliyeipiga, mwenye chapa, aliyeinunua, na yule aliyepigwa. Huyo wa tatu hana jina zuri. "Mpigwa picha" anasikika kama majeruhi. "Mhusika" ni wa tamthiliya, na siku hizi pia wa polisi. Mimi namwita "mwenye sura". Sura ni yake, hata kama karatasi ni ya mwingine na picha mama iko kwa mwingine.

Mengine niyapite haraka. "Onyesho" ni la muziki, usiku mmoja. "Maonyesho" ni ya picha, au ya mazao na mifugo pale Nzuguni kila Nanenane. Umoja na wingi vimegawana kazi, tuviache hivyo. "Tamasha" limetoka kwa Waajemi, kwao ni kutoka kwenda kutazama, kwa hiyo mpigapicha ndiye mtu wa tamasha hasa. "Fremu" ina mgogoro: ukiitafuta Makole, dalali atakuonyesha chumba cha duka na kukutajia kodi ya miezi sita. Mafundi wa majahazi wanacho "kiunzi", kutoka unda, kama mlinzi alivyotoka linda na mpenzi alivyotoka penda. Kiunzi cha picha kinanitosha. "Mkusanyaji" sikupata mbadala; nilijaribu "mtunzaji", nikapenda lilivyokaribiana na "mtunzi", maana mmoja alitunga wimbo na mwingine anatunza sura yake, lakini ni vitenzi viwili tofauti, tunga na tunza, na sitaki kumlazimisha mtu.

Kwa chapa yenyewe inayotafutwa na kuhifadhiwa, ipo "adimu", ambayo asili yake ni kukosekana, na sukari nayo huwa adimu. Ipo "ukumbusho", ambayo ni ya kinyago cha uwanja wa ndege. Nikaichagua "tunu". Tunu ni kitu cha nadra ambacho pia ni cha kupendwa. Mtu huleta tunu kutoka safari, hutoa tunu kwa mgeni. Chapa tunu. Yaweza kunadiwa ikitaka, kwa kuwa mnada na kunadi vyote ni kuita kwa sauti, na yeyote aliyesimama kwenye mnada wa Msalato anajua sauti hiyo inavyopanda. Lakini hata isiponadiwa, inabaki tunu.

Tukaandika kibandiko upya, kijana na mimi, kwenye meza yangu, tukakifuta mara nne. Kikasomeka: "Chapa tunu. Ya saba katika toleo la kuhesabika la ishirini na tano. Mwenye sura: mpiga gitaa mkongwe." Chini, jina lake. Chini zaidi, nafasi ya sahihi mbili, ya mpigapicha na ya mwenye sura.

Tulimpelekea mzee Jumapili. "Mbukwa, babu," kijana akamsalimu. Kifunguamimba alikuwa ameshampa mwezi uliopita. Imetundikwa juu ya redio. Mzee akavaa miwani, akaigeuza ya saba nyuma, akasoma kibandiko polepole, midomo ikicheza. Akarudia "mwenye sura", akatikisa kichwa kukubali. Akaomba kalamu. Kalamu ikasimama hewani.

"Wajukuu zangu, hapa mmeandika mpiga gitaa."

"Ndiyo, babu."

"Gitaa tulipiga wawili. Rithimu alipiga mwenzangu, Mungu amrehemu. Andikeni mpiga solo."

Kijana akatoa kibandiko kingine mfukoni.